Namna ya Kuiua Massey kwa Maji ya Moto

Massey Ferguson 135 haifi kirahisi. Ilianza kutoka kiwandani Coventry, Uingereza, mwaka 1964, na hadi leo ukipita Njombe msimu wa kulima utaikuta shambani: rangi imepauka, taa hazipo, breki za kubahatisha, lakini injini yake ya Perkins ya silinda tatu bado inanguruma. Mwenye nia ya kuizika anahitaji mbinu.

Anza na geji ya joto. Kama ilishakufa, iache ipumzike kwa amani. Kama ni nzima na mshale umelala kwenye nyekundu, gonga kioo kwa kidole, kisha endelea kulima. Mteja keshalipia ekari zake na mvua inanyemelea.

Trekta likichemsha, rukia mfuniko wa rejeta uufungue hapohapo, uso ukiwa karibu ili uone vizuri. Mvuke ukishakusalimia, mtume utingo dimbwini na dumu, mmimine maji baridi injini ikiwa bado inatokota. Chuma cha moto kikikutana ghafla na maji baridi, silinda hedi hupata ufa. Tope la dimbwini nalo litaziba rejeta kwa ndani taratibu. Waoga huzima, wakakaa kivulini mpaka injini ipoe, wakafungua mfuniko polepole kwa tambara nene. Hao watalima mpaka wazeeke.

Mfuniko ukipotea, ziba kwa gunzi la mahindi. Mfuniko halisi una springi inayobana mvuke, na maji yaliyobanwa hayachemki hata yakipita nyuzi 100. Gunzi halina ukorofi huo. Kwa mwinuko wa Njombe, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo wenye magunzi wa huko wamebarikiwa kuliko wenzao wa bonde la Kilombero.

Sasa tafuta mshtakiwa. Ni themostati, kesi haihitaji ushahidi. Ni kile kidude cha shaba kinachojificha panapoanzia mpira wa juu wa rejeta. Ndani yake kuna nta. Ikipata joto hutanuka na kusukuma vali, maji yakaruhusiwa kwenda kupozwa. Kwa kawaida huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Kabla ya hapo hufunga njia, injini ipate moto upesi. Fundi wako atakwambia kwa nchi hizi za joto haina kazi, ataichomoa na kuitupa porini. Mwache. Bila themostati injini itafanya kazi ikiwa baridi asubuhi nzima, dizeli isiyoungua vizuri itaosha oili kwenye kuta za silinda, na silinda zitalika kidogo kidogo. Ni kifo cha taratibu, chenye heshima zake.

Ila usimruhusu mtu kuipima. Kuna wabishi huining'iniza kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, wakawasha jiko na kuikodolea macho. Ikigoma kufunguka hadi maji yachemke, wananunua nyingine na habari imeisha. Ikifunguka, balaa: ni nzima, na itabidi kosa litafutwe kwingine. Makapi yaliyoziba rejeta kwa nje. Mkanda wa feni uliolegea. Wota pampu inayovuja. Yote hayo yanataka brashi, spana na subira, wakati kutupa kitu porini kunataka mkono mmoja tu.

Ukiona mapovu yanapanda kwenye rejeta mara injini inapowaka, au oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, gasketi ya silinda hedi imeachia. Usishtuke. Ongeza maji, ongeza oili, malizia shamba.

Ikishanoki, wapigie wanunuzi wa skrepa. Wao hulipa kwa kilo, na Massey 135 nzima haifiki hata tani mbili.