Mwiba Hauna Wakili

Tyubu ya baiskeli ikilala, mshtakiwa wa kwanza ni mtoto wa jirani, na wa pili ni mwiba. Upepo ambao mwenye baiskeli hajauongeza tangu Idi iliyopita hautajwi kabisa.

Tyubu inatumbukizwa kwenye beseni la fundi, maji meusi kama wino, na mapovu yanaanza kutoa ushahidi. Tundu moja upande unaogusa tairi: sawa, mwiba au msumari una kesi ya kujibu. Tundu upande wa rimu: ni kichwa cha spoki kilichochungulia baada ya utepe wa rimu kuhama. Tyubu ikichanika kwenye shina la vali, mara nyingi imekuwa ikiteleza ndani ya tairi kwa kukosa upepo. Na matundu mawili yaliyokaa sambamba ni dalili ya kubanwa kati ya tairi na rimu: upepo kidogo, shimo kubwa barabarani, na kwenye keria gunia la mkaa lililokaliwa na shemeji.

“Mwiba tu huo, bosi,” anasema fundi, bila kupitisha hata kidole ndani ya tairi. Msasa, gundi, kiraka, pampu, lete hela. Kama mwiba ulikuwapo kweli, bado umejichimbia mlemle, unamsubiri mteja afike kona ya kwanza. Sipendi kumsingizia mtu, lakini kibanda cha pili cha fundi huyohuyo kiko hapo hapo konani.