Toleo Jipya Kuukuu

Kompyuta ikikosana na mtu, mtu huyo huenda kwa fundi. Kompyuta ikikosana na tovuti, mtu huyo huyo ndiye anayesumbuka, wala hana wa kumshtakia.

Enzi hizo video nyingi za mtandaoni zilitaka plagini ya Flash, nami nilikuwa natumia Firefox kwenye Linux. Tovuti moja ya masomo ikanigomea: "Flash yako imepitwa na wakati. Tafadhali sasisha." Nikafungua terminali, nikaandika amri, nikaweka nywila, nikangoja. Mfumo ukanijibu kwa adabu ya karani wa masjala: "Tayari unalo toleo jipya kabisa." Nikarudi kwenye tovuti na habari hiyo njema. Haikuipokea.

Kilichonikera ni kwamba wote wawili walisema kweli. Mwaka 2012 ilitangazwa kuwa Flash ya Linux itakomea toleo la 11.2. Matoleo mapya yangepatikana ndani ya Chrome tu, kwa njia nyingine ya plagini iitwayo Pepper. Sisi wa Firefox tuliahidiwa viraka vya usalama kwa miaka 5. Yaani turuhusiwe kubaki nyuma, ila tubaki nyuma salama. Wenzetu wa Windows wakawa wanahesabu 12, 13, 14, mpaka wakavuka 20.

Mpwa wangu, kijana anayejua kila kitu isipokuwa mahali pa kurudisha kikombe alichonywea chai, akatoa ushauri.

"Mjomba, shida yako unasema ukweli mno."

Akanieleza kuwa kivinjari hujitambulisha kwa kila tovuti kinakoingia: jina lake, toleo lake, na mfumo kinakotoka. Akabadilisha maelezo hayo, Firefox yangu ikaanza kujidai iko Windows. Tovuti ikafurahi sana. Ikatukaribisha kwa heshima zote, kisha ikatupa zawadi: faili la .exe la kusasisha Flash ya Windows. Mpwa akalibofya. Linux ikashindwa hata kujua ilifungue kwa kutumia nini.

"Sasa uongo umekubalika," nikamwambia, "ila hauchezi video."

Mwaka 2016 wenye Flash wakabadili nia, na Linux ikarushwa kutoka 11.2 hadi ishirini na kitu. Nilitembea kifua mbele. Julai 2017 wakatangaza kwamba Flash itazikwa mwishoni mwa 2020. Tarehe 12 Januari 2021, plagini yenyewe ikaanza kukataa kuonyesha chochote, bila kujali uko Windows au Linux. Wakati huo video zilikuwa zimeshazoea kucheza ndani ya kivinjari bila plagini yoyote.

Nikampigia mpwa kumpa taarifa kwamba usawa tuliougombea umepatikana.

"Kwa hiyo tumewafikia, Mjomba?"

"Tumetoka sare."

"Ngapi kwa ngapi?"

"Bila kwa bila."