Mhadhara wa Bure kwa Vitambi vya Mutakura

Waheshimiwa wakazi wa Mutakura hapa Bujumbura, majirani zetu wa Cibitoke, nanyi wapita njia mliosimama mkidhani hapa panagawiwa sabuni: tulieni, elimu imefika. Anayesema nanyi ni Bingwa wa Hamasa, Mlezi wa Pumzi na Mshauri Mkuu wa Vitambi katika Ukanda wa Maziwa Makuu, vyeo ambavyo hakuna chuo kikuu kilichothubutu kumpa, ikabidi ajivike mwenyewe. Anahutubu akiwa ameketi, kwa kuwa fikra nzito huhitaji kiti. Swali letu ni hili: kwa nini mtu hununua raba mpya kwa shangwe, akakimbia siku mbili tatu, kisha raba zikawa za kwendea sokoni? Wapo watakaowaambia kwamba hamasa imo ndani yenu, ni kuichimbua tu. Upuuzi mtupu. Ndani ya mtu mna ini, bandama na usingizi. Hamasa iko nje, barabarani, na ina macho ya watu.

Ushahidi wa kwanza nautoa kwa mende. Mwaka 1969 mwanasaikolojia Robert Zajonc na wenzake, huko Marekani, walitengeneza kijia kilichonyooka, wakawasha taa nyuma ya mende, naye kwa kuchukia mwanga akatimua mbio kutafuta giza. Kisha pembeni wakaweka mende wengine ndani ya visanduku angavu, watazame. Mende aliyetazamwa alikimbia upesi kuliko aliyekuwa peke yake. Mende, mabwana! Kiumbe asiye na kocha wala saa ya mkononi. Lakini njia ilipokuwa na kona ya kumchanganya, watazamaji walimchelewesha. Hapo wenye akili wanaokota faida: zoezi gumu ambalo bado unajifunza, jifungie nalo nyumbani; mbio, ambazo miguu inazijua tangu utotoni, zipeleke mbele za watu. Naye Norman Triplett alikuwa ameshaona mwaka 1898, kwa kupekua rekodi za waendesha baiskeli, kwamba anayeshindana na saa tu huachwa mbali na anayeendesha pamoja na wenzake.

Bujumbura ililijua hilo bila maabara. Alfajiri ya wikendi, kabla jua halijakaza, kikundi kinashuka barabarani kwa mistari, jezi za rangi moja, mwenye filimbi mbele. Anatoa wimbo, wengine wanaitikia kwa kufuata mguu. Tazameni ufundi uliomo. Anayeimba hawezi kukimbia kupita pumzi yake, na kosa linalowamaliza wageni wa mbio ni hilo hilo la kuanza kwa pupa, kichomi kikawapiga, wakaapa kutorudi. Wimbo ni breki. Tena anayetaka kujitoa mstarini lazima ajitoe mbele ya mama muuza mandazi, ambaye kumbukumbu yake haina huruma. Na kama mnashuku nguvu ya mistari hiyo, waulizeni wakubwa. Tarehe 8 Machi 2014 polisi na vijana wa chama cha upinzani cha MSD, waliokuwa wakikimbia kwa kikundi, walikabiliana mjini humu. Kabla mwezi haujaisha watu 21 walikuwa wamehukumiwa kifungo cha maisha, na mbio za vikundi zikawekewa masharti, kwamba ziende kwenye viwanja vilivyotengwa. Hukumu ile si ya kuchekea, na hata ubingwa wangu unainamisha kichwa. Ila agizo lenyewe linasema jambo: halikumgusa anayekimbia peke yake. Rais wa wakati huo, Pierre Nkurunziza, alikuwa mwalimu wa michezo kwa taaluma na alikuwa na timu yake ya kandanda, Haleluya FC. Serikali yake haikuhitaji mhadhara wangu kujua kwamba mkimbiaji mmoja anapunguza tumbo, na mia wanaoitikiana wanaweza kupunguza mengine.

Hapa mjuaji mmoja huinua kidole: je, mkimbiaji wetu Francine Niyonsaba? Alipata fedha ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, kisha kanuni za shirikisho la riadha la dunia kuhusu homoni zikamfungia mbio zake. Akahamia masafa marefu, akawa wa tano katika mita 10,000 Tokyo, na mwezi uliofuata, Septemba 2021, akavunja rekodi ya dunia ya mita 2,000. Hiyo si nguvu ya ndani? Nakubali nusu. Ukaidi ni mafuta mazuri sana, lakini nao unahitaji wa kukaidiwa. Mtu hawezi kukaidi ukuta. Na Vénuste Niyongabo, aliyeiletea Burundi dhahabu yake ya kwanza Atlanta mwaka 1996, aliwaachia wenzake somo kubwa kuliko nishani. Mbio zake zilikuwa mita 1,500. Nafasi hiyo akamwachia Dieudonné Kwizera, ambaye Olimpiki za nyuma zilimpita kwa sababu nchi haikuwa na kamati ya Olimpiki, yeye akaingia mita 5,000 ambazo alikuwa hajazizoea, akashinda. Aliyemwachia mwenzake nafasi namna hiyo, watu wakiona, hathubutu kukimbia ovyo.

Mwingine anasema: bingwa, petroli imeadimika, tunatembea kutoka Mutakura hadi katikati ya mji na kurudi, mazoezi gani tena? Ndugu yangu, miguu yako inafaidika, hilo silipingi. Lakini siku basi likipatikana utalipanda, na una haki. Ulazima unakutembeza bila kukupa hamu ya kutembea kesho.

Linabaki pingamizi la maana: kama kila mtu anasubiri kuvutwa na kikundi, nani atatoka wa kwanza? Mwaka 2017 Sinan Aral na Christos Nicolaides walichapisha uchunguzi wa wakimbiaji zaidi ya milioni moja waliounganishwa na mtandao, wakaona kwamba mbio za rafiki huambukiza. Na anayemsukuma mwenzake zaidi si yule hodari. Ni mzembe, kwa sababu hodari hapendi kuona mzembe anamkaribia. Kwa mujibu wa sayansi, basi, mtu mwenye thamani kubwa kuliko wote katika mbio za Bujumbura ni yule dhaifu kuliko wote, na kwa unyenyekevu mkubwa naupokea wadhifa huo. Kweli, uchunguzi ule uliwahesabu waliokimbia japo kidogo. Hilo ni suala la utaratibu. Jumamosi kuna kazi za jamii, kwa hiyo tutalitazama Jumapili, na atakayeniona mlangoni nimevaa raba anipulizie filimbi kwa nguvu, asije akaniacha nikarudi ndani.