Bayosi Ipo Uvunguni

Emuleta nyingi za PlayStation, yaani programu zinazoiga mashine hiyo ya gemu, zina adabu ya kupitiliza. Unazipakua bure, hakuna anayekuuliza jina, lakini ukitaka kucheza zinakudai faili la bayosi (programu inayoiwasha mashine), kisha zinakuhubiria: litoe mwenyewe kwenye mashine yako. Mashine iliyotoka Japani 1994! Na kila mtu anaitikia, naam, yangu ipo uvunguni mwa kitanda. Kumbe vitanda vya watu vimelalia hazina.

Sheria yenyewe haina utani. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani iliipa kampuni ya Connectix, watengenezaji wa emuleta, ushindi dhidi ya Sony: kuinakili bayosi ili kuichunguza na kutengeneza emuleta, ruksa. Kuigawa kama njugu, hapana. Yote hayo kwa kilobaiti 512, kitu kidogo kuliko picha moja ya harusi kwenye simu ya leo.

Faili lenyewe nalo lina maringo. Baadhi ya emuleta zinataka liitwe scph1001.bin, ongeza nukta moja tu, zinakukana mchana kweupe.

Wanaoogopa dhambi hutumia emuleta ya PCSX-ReARMed, yenye bayosi ya kuiga. Gemu nyingine hugoma humo, na wacha Mungu haohao sasa wanalalamika kwamba ule mlio wa kuwaka hausikiki.