Namna ya Kushinda Vita Kabla Havijapiganwa

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Wahenga hao hawakuwahi kukabidhiwa bajeti ya zoezi la kijeshi. Siku hizi jenerali anaweza kupigana vita vizima ndani ya jengo lenye viyoyozi, vikosi vyake vikiwa alama kwenye skrini na makombora yake yakiwa namba. Kazi hiyo wataalamu huiita uundaji wa modeli na uigaji, na husema lengo lake ni kuyaona makosa mapema, kabla hayajazaa makaburi. Mwongozo huu haukuandikwa kwa ajili yao. Umeandikwa kwa ajili ya kiongozi aliyekwisha kuamua, ambaye sasa anahitaji kompyuta imuunge mkono.

1. Hesabu kinachohesabika, kingine kiache

Modeli hula namba, na namba zipo. Mwaka 1916 Frederick Lanchester, mhandisi Mwingereza aliyejulikana kwa kutengeneza magari, alichapisha kanuni isemayo kwamba pale ambapo kila mpiganaji anaweza kumlenga adui yeyote, nguvu ya jeshi hupanda kwa kipeo cha pili cha idadi yake. Askari 1,000 dhidi ya 500 wenye silaha sawa hawawazidi mara mbili. Wanawazidi mara nne. Kanuni hiyo ina masharti yake. Wewe chukua kanuni, masharti yaache. Usiulize kama adui atakubali kusimama mahali anapoonekana. Njaa, woga, matope na mama anayeficha wapiganaji chini ya sakafu yake havina safu kwenye jedwali, kwa hiyo havipo.

Somo hili lilifundishwa vizuri Vietnam. Kuanzia 1967 washauri wa Kimarekani waliokuwa wilayani walijaza fomu kila mwezi kukadiria usalama wa kila kitongoji, kwa madaraja ya A hadi E, na vitongoji vilivyoshikwa na waasi wa Vietcong vikapewa herufi V. Fomu ziliingizwa kwenye kompyuta, nayo ikatoa asilimia. Mshauri aliyetumwa kuleta maendeleo wilayani ndiye aliyeyatolea alama, sawa na mwanafunzi kujisahihishia mtihani. Kufikia mwisho wa mwaka huo takwimu zilionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya watu wa Vietnam Kusini wako salama mikononi mwa serikali. Mwishoni mwa Januari 1968, sikukuu ya Tet, mwaka mpya wa Kivietnam, ilipowadia, wapiganaji wa Vietcong na wa Vietnam Kaskazini wakashambulia miji zaidi ya 100. Inaelekea nakala ya ripoti haikuwafikia.

2. Chagua adui mwenye adabu

Katika mazoezi ya Wamarekani, wenyewe huwa Bluu na adui huwa Nyekundu. Nyekundu wako awe mtu msikivu, anayeutarajia uhamisho mzuri, na ikiwezekana awe chini yako kwa cheo.

Julai na Agosti 2002 Marekani iliendesha zoezi la Millennium Challenge, lililogharimu dola milioni 250 na kushirikisha watu wapatao 13,500, baadhi uwanjani na wengine mbele ya kompyuta. Uadui akapewa Paul Van Riper, jenerali mstaafu wa jeshi la Marine la Marekani, mtu aliyekwisha kupata pensheni yake na asiye na wa kumwogopa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Bluu walijiandaa kunasa mawasiliano yake yote ya redio na simu, yeye akayaacha. Amri zikasafiri kwa matarishi wa pikipiki, na ishara ya kurusha ndege ikafichwa ndani ya adhana. Mtambo wa kunasa simu hauna la kufanya pale ambapo hakuna aliyepiga simu. Kisha, bila kusubiri Bluu waanze kama ratiba ilivyowaahidi, akarusha makombora mengi kwa mpigo mmoja na kutuma boti ndogo. Meli 16 zikazama, ikiwemo ya kubeba ndege. Ingekuwa kweli, yangekuwa maziko ya maelfu ya mabaharia.

3. Ukizama, ibuka

Meli zilizozama ziliibuliwa. Tuwe waadilifu hapa: maelfu ya askari halisi walikuwa wanasubiri zamu zao katika zoezi la wiki tatu, na kuwarudisha nyumbani mapema kungekuwa hasara. Kuibua meli si dhambi. Ustadi ambao msomaji anapaswa kuuiga uko katika yaliyofuata. Nyekundu waliamriwa kuiweka wazi mitambo yao ya kuzuia ndege ili iharibiwe, na wakakatazwa kutungua ndege zilizoleta askari wa Bluu. Van Riper alipoona maagizo yake yanapinduliwa, akajiuzulu uadui. Bluu wakashinda. Baada ya ushindi huo viongozi wakatangaza kwamba dhana kuu zilizopimwa zimethibitika, na kwa kweli zilithibitika kabisa dhidi ya mtu aliyefungwa mikono.

4. Mwamuzi awe mtu wa nyumbani

Kama huna kompyuta, dadu inatosha, mradi usiiachie uhuru. Mei 1942, ndani ya manowari Yamato, maofisa wa Japani walilifanyia majaribio mezani shambulio walilolipanga dhidi ya visiwa vya Midway. Mwamuzi akarusha dadu, ikaonyesha ndege za Marekani zimezipiga meli za kubeba ndege za Japani mara tisa, na mbili, Akagi na Kaga, zimezama. Ugaki Matome, mnadhimu mkuu wa kundi zima la manowari, akaamua mapigo yawe matatu. Akagi ikapona. Kaga ilizama, lakini katika sehemu iliyofuata ya mchezo ikaonekana tena baharini, nzima. Juni mwaka huohuo vita vyenyewe vikafika Midway, Japani ikapoteza meli nne za kubeba ndege, Kaga na Akagi zikiwemo, na safari hii hapakuwa na wa kukata rufaa kwake.

5. Ripoti mbaya ina kabati lake

Hutokea uigaji ukaponyoka na kusema kweli. Usifadhaike. Mwaka 1964 maofisa wa Washington walicheza michezo ya vita iliyoitwa Sigma, kuona nini kitatokea Marekani ikiongeza nguvu Vietnam. Mabomu hayakuvunja nia ya Vietnam Kaskazini. Vita vilizidi kupanuka na kuzama matopeni. Walioshiriki walisoma, wakashukuru, na Machi 1965 kampeni kubwa ya mabomu ikaanza. Mchezo hauna mamlaka ya kumlazimisha mtu kuelewa.

6. Ikimbie chaki

Hatari kubwa kuliko zote ni watu wa aina ya Gilbert Roberts. Mwaka 1942 ofisa huyu, aliyestaafishwa jeshini kwa sababu ya kifua kikuu, alipewa chumba Liverpool na vijana wa kike wa jeshi la majini la Uingereza. Vifaa vyao vilikuwa chaki, sakafu iliyochorwa kama bahari, na pazia lenye tundu, ili nahodha aliye mchezoni asione zaidi ya kile ambacho angekiona baharini. Wakagundua jinsi nyambizi za Ujerumani zilivyokuwa zikipenya katikati ya misafara ya meli, wakabuni mbinu za kuzisaka, wakawafundisha maelfu ya maofisa. Admirali Max Horton, mtu wa nyambizi mwenyewe, alicheza upande wa Wajerumani na akashindwa mara tano mfululizo. Aliyemshinda alikuwa Janet Okell, binti wa cheo cha chini. Horton hakubadilisha kanuni wala hakumhamisha binti. Mbinu zikaendelea kutumika, misafara ikafika.

Hapo ndipo penye siri ambayo kiongozi mwenye haraka hapaswi kuambiwa: uigaji hautabiri vita, unampa mwenye cheo nafasi ya kushindwa bila mtu kufa. Akiikataa nafasi hiyo, amelipia maonyesho. Basi wewe mlipa kodi, ukisikia popote duniani kwamba zoezi limefaulu kwa asilimia 100, uliza nani alikuwa adui, kama aliruhusiwa kushinda, na ni ukurasa gani wa mpango uliofutwa baada yake. Wakikosa la kujibu, usipige makofi.