Muhadhara wa Kwanza na wa Mwisho Kuhusu Mchaichai Kivulini

Waheshimiwa wageni, wenye eka tatu na wasio na hata kiambaza, na ninyi mliokuja kwa kuwa mmesikia kutakuwa na chai: tulieni, elimu inaingia. Mbele yenu yupo mwasisi wa kivulilojia, taaluma yenye msomi mmoja hadi leo, naye ndiye anayenena. Mnauliza kama mchaichai wa kutolewa mafuta unaweza kulimwa chini ya miti. Swali lenu limekaa upande. Kivuli si kimoja, enyi watu! Ulizeni mti gani, una umri gani, na saa sita mchana jua linapenya wapi.

Tuanze na ukoo, maana asiyejua ukoo hajui tabia. Mchaichai ni ndugu wa muwa, mahindi na mtama. Mimea ya ukoo huu huikamata hewa ya ukaa kwanza katika kampaundi yenye atomi 4 za kaboni, na mtindo huo huifanya iendelee kunufaika na jua kali pale mimea mingine ilipokwisha kushiba. Yaani ni walafi wa jua kwa kuzaliwa. Nani aliwahi kupanda mahindi chini ya mwembe akavuna gunia? Mafuta nayo mmea huyapika kwa sukari ileile iliyotokana na mwanga, ukayaweka akiba katika seli ndogo ndani ya jani. Hata mahali peupe, kilo 100 za majani mabichi zikikupa nusu kilo ya mafuta, kamshukuru Mungu. Mara nyingi hupati hata hiyo. Kwa pato jembamba hivyo, kila mwale unaoporwa na matawi una bei yake.

Hapo hainuki mtu akasema, “Lakini wa kwetu nyuma ya jiko uko chini ya mwembe na umefika kiunoni”? Ahsante, umejifunga mwenyewe. Jani la kivulini hurefuka kwa kulitafuta jua, likawa laini na jembamba, zuri la kutazama. Lipondeponde vidoleni: linanukia, naam, na kwa birika linatosha. Birika huridhika na majani matatu. Mtambo wa kukenekea haudanganywi na urefu.

Basi tukate miti? Hasha! Wahenga, wanakivulilojia wasiokuwa na cheti, walisema kivuli cha mvumo hufunika walio mbali. Ninyi mmeichukua kuwa methali ya kulaumu ndugu wasiosaidia ndugu zao. Mimi naisoma kama kipimo cha shamba. Mti mrefu wenye kichwa kidogo hupeleka kivuli chake kwingine na kuliachia jua shina lake. Mnazi ni jamaa ya mvumo. Huko Kerala, India, wataalamu wa minazi walibaini kwamba mnazi mchanga hupitisha mwanga mwingi, kuanzia miaka 8 hivi hadi 25 hufunga, kisha kichwa kikipanda juu mwanga hurudi. Asiyewaamini Wahindi atandike mkeka saa sita. Chini ya mnazi mzee ataona vipande vya jua vikitambaa makuti yanapopepea, na baada ya muda hakuna ukindu ambao haujaguswa. Chini ya mwembe mkeka utabaki wa baridi na mpimaji atasinzia. Usingizi huo nao ni matokeo.

Mkarafuu je? Huo hufunga majani tangu karibu na ardhi, na hausamehe. Kule Wawi, Pemba, kiwanda cha makonyo ya karafuu hukeneka mafuta ya mchaichai pia. Vizuri: mkarafuu na mchaichai wafuatane kwenye mtambo, shambani kila mmoja na kwake.

Wapo watakaolia kwamba nyasi zitamwibia mnazi chakula. Hoja hii ina akili, kwa hiyo nitaijibu polepole. Mizizi mingi ya mnazi imo ndani ya mita 2 kutoka kwenye shina. Duara hilo liache, panda katikati ya mistari. Na sitrali, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta haya, ni kaboni, haidrojeni na oksijeni tu. Anayeuza mafuta ameuza hewa na maji. Rutuba imebaki kwenye makapi, na makapi yakirudi shambani kama matandazo, hesabu inakaribia kufungana. Yakitupwa nyuma ya kiwanda, mlalamishi ana haki, na mashitaka yake ayapeleke kwa mwenye makapi.

Mwisho, mtaniambia kwamba hata chini ya mnazi mzee mavuno ni haba kuliko mahali peupe. Kweli, nakiri, na ni nadra mimi kukiri. Ila aliyerithi eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 hana peupe pa kuchagua. Ana minazi, na chini yake magugu ambayo hadi sasa hayajamlipa hata senti. Mchaichai ushindanishwe na magugu hayo.

Maswali sitapokea. Chai iko mezani, ni ya tangawizi. Mchaichai tuliouagiza umeishia mtamboni.