Sifa za Tiketi ya Vipande

Abiria anayetoka London kwenda Bristol anaweza kununua tiketi moja. Anaweza pia kununua mbili, ya kwanza ikiishia Didcot na ya pili ikianzia hapohapo Didcot. Atapanda treni ileile, atakaa kiti kilekile, atafika dakika ileile, na mara nyingi atalipa pungufu. Mgeni aliyetoka Dar es Salaam kumtembelea dada yake Bristol hupewa somo hili kwenye simu kabla hata hajatoka uwanja wa ndege: "Usikate ya moja kwa moja, mdogo wangu. Anza na ya Didcot."

Jambo hili halali limesemwa sana kwa manung'uniko na kidogo mno kwa heshima. Wanaolilaani hawajaona fadhila zake.

Sharti lake kubwa ni moja: treni isimame Didcot. Abiria halazimiki kushuka, wala kunyanyuka, wala kuchungulia dirishani. Anaweza kuwa amelala fofofo. Magurudumu yakitulia pale kwa dakika mbili, safari zake mbili zimeungana kihalali. Yakipita bila kusimama, tiketi zake mbili hazimfai kitu, na huko England faini ya kukosa tiketi sahihi, tangu Januari 2023, ni pauni 100 juu ya nauli yenyewe. Dini nyingi zina masharti magumu kuliko haya, ila chache zina adhabu ya haraka kiasi hicho.

Fadhila ndogondogo zitajwe upesi. Tiketi ya vipande hufundisha hesabu za kujumlisha. Huwapa kazi wakaguzi, ambao wangemaliza behewa zima kwa dakika tatu kama kila mtu angekuwa na tiketi moja. Huzoesha vidole: zamani abiria alizipanga zile karatasi zenye kingo za rangi ya chungwa kama karata za mchezo, leo anatelezesha picha za miraba myeusi kwenye simu, hii ya kwanza, hii ya pili, samahani, hiyo ni ya kurudi, huku chaji ikiwa asilimia nne na mkaguzi akitazama paa la behewa kwa subira.

Lakini fadhila iliyo kuu ni elimu ya jiografia, na hapa inafaa kutua.

Nani angeujua Didcot? Ni mji mdogo wa Oxfordshire ambao kwa miaka mingi sifa yake ilikuwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, na wenyewe walioumiliki walipoubomoa, minara mitatu ikaanguka 2014, mitatu mingine 2019, na bomba la moshi 2020, ikaonekana kama mji umebaki bila cha kutajwa. Tiketi ya vipande ikauokoa. Kuna watu wanaoutamka Didcot kwa mapenzi kuliko mji waliozaliwa, na hawajawahi kukanyaga hata jukwaa la stesheni yake.

Vivyo hivyo Tamworth, ambako reli mbili zinapishana moja juu ya nyingine na stesheni ikajengwa kwa ghorofa mbili. Robert Peel, aliyeanzisha polisi wa London mwaka 1829, aliuwakilisha mji huo bungeni. Vivyo hivyo Cheltenham, mji wa mbio za farasi, na makao ya GCHQ, idara ya kijasusi inayosikiliza mawasiliano ya dunia nzima. Abiria anayetoka Birmingham kwenda Bristol huikata safari yake Cheltenham, akijua kwamba jirani na reli wapo mabingwa wa kufumbua siri za mataifa, ambao nao wakitaka kwenda Bristol kwa bei ya haki watahitaji msaada.

Mwanafunzi hodari kuliko wote katika chuo hiki ni shabiki mmoja wa Newcastle United. Januari 2017 timu yake ilikwenda kucheza Oxford katika Kombe la FA, naye akasafiri kwa tiketi zaidi ya 50 kwa safari hiyo moja. Alipita Uingereza stesheni kwa stesheni, kipande kwa kipande. Newcastle ikafungwa 3-0. Hakuna aliyeweza kusema kwamba safari haikumfundisha kitu.

Elimu hii ikiendelea mpaka Grantham inafika penye mwiba. Grantham ndiko alikozaliwa Margaret Thatcher, waziri mkuu aliyeuza simu, gesi na maji ya umma, lakini reli hakuigusa. Aliyeivaa ni mrithi wake, John Major. Sheria ya Reli ya 1993 ikalivunja shirika la reli la umma, British Rail, treni zikagawiwa makampuni kadha wa kadha, na kila jozi ya stesheni ikapewa kampuni moja ya kuipangia nauli. Kampuni inayopanga bei ya London hadi Bristol si lazima iwe na moyo uleule na ile inayopanga bei ya kijipande kilicho katikati. Baadhi ya nauli zikawekewa kikomo na serikali, nyingine zikaachwa zipae. Halafu kuna saa za msongamano: abiria wa asubuhi, kabla ya saa tatu na nusu hivi, anaweza kutozwa bei ya msongamano mpaka mwisho wa safari yake, hata kama huko mbele mabehewa yanakwenda matupu. Tiketi ya kwenda na kurudi ya saa yoyote kati ya London na Bristol inapita pauni 200. Pauni mia mbili! Kwa mwendo usiofika hata saa mbili!

Mwaka 2018 chama cha makampuni ya reli chenyewe kilitangaza kwamba kuna nauli za aina milioni 55 hivi. Nchi ina watu milioni 60 na kitu. Karibu kila Mwingereza angeweza kukabidhiwa nauli yake binafsi aitunze nyumbani.

Kwa hiyo punguzo lipo, ila halimwendei maskini, wala mzee, wala anayesafiri sana. Linamwendea anayejua. Anayejua huingia kwenye programu ya simu inayomtafutia vipande, na baadhi ya wauzaji hukata fungu lao katika alichookoa. Bibi wa miaka 80 anayekwenda dirishani akaomba tiketi ya Bristol huuziwa tiketi ya Bristol. Karani halazimiki kumtajia Didcot. Na madirisha hayo yenyewe, mwaka 2023, yalikaribia kufungwa karibu yote nchini England, mpaka malalamiko zaidi ya 700,000 yakaizuia serikali.

Kila serikali huahidi kurahisisha. Februari 2024 LNER, kampuni ya treni iliyo mikononi mwa serikali tangu 2018, ilirahisisha kwa majaribio: kati ya London na Newcastle na Edinburgh iliondoa tiketi za nafuu za nje ya msongamano. Urahisi ulionekana mara moja, kwani chaguo lilipungua na wapo waliojikuta wakilipa zaidi. Sasa reli inarudishwa mikononi mwa umma kampuni baada ya kampuni, chombo kipya kiitwacho Great British Railways kimeahidiwa pamoja na programu yake ya kuuzia tiketi, na nauli zinazodhibitiwa England zimegandishwa hadi Machi 2027. Bei zimeganda, na mkanganyiko nao umeganda papo hapo, salama salimini.

Wakubwa wa wizara husema kulifuta tatizo ni kazi ngumu, maana kila nauli inavuta nyingine. Labda. Lakini programu ya simu hupekua vipande vyote kati ya Newcastle na Oxford kabla chai haijapoa na kutoa jumla iliyo nafuu. Kama mfanyabiashara anaweza kuipata jumla hiyo ili achukue fungu lake, wizara inaweza kuiandika dirishani. Great British Railways ianze na kanuni ya sentensi moja: tiketi ya safari nzima isizidi jumla ya tiketi za vipande vyake. Na bibi wa dirishani auziwe kwa bei hiyo bila kuuliza.